Mto Uliosafiri kwa Mkokoteni

Kila mmoja wenu amenisimamisha kwa wakati wake na kuniuliza nilikuwa wapi Jumamosi ile mlipokutana mtaani Jericho kusomeana miswada. Mmoja ameapa kwamba aliniona siku iliyotangulia nikiwa kwenye mazishi, nimeinamisha kichwa nyuma ya maiti. Nimechoka kusimulia nusunusu barabarani, kwa hiyo nimeketi niandike yote mara moja. Sikuwa mazishini. Nilikuwa nikiusindikiza mto.

Safari yenyewe ilianzia Mukuru kwa Reuben ikaishia Eastleigh. Chekeni tu. Najua kwamba mtu mwenye nauli huenda na kurudi kabla hajamaliza pakiti ya njugu. Sisi ilituchukua siku mbili, na nikarudi nyumbani na saruji nyweleni.

Mwende mnamjua kwa kumsikia. Baba yake ni mchonga vinyago kutoka Ukambani, lakini yeye aliachana na mbao tangu utotoni, akaanza kuokota. Hutengeneza picha kwa vipande vya sahani, chupa, vigae na vifuniko vya soda. Mwaka jana alitundika mifuko ya plastiki kwenye ua wa uwanja mmoja wa mpira, mamia kwa mamia, ikipepea kama ndege walionaswa. Watu wa usafi wakaja asubuhi wakaifagia yote wakidhani ni taka. Mwende akasema hakuna aliyeielewa kazi yake vizuri kuliko wao.

Safari hii alitengeneza mto, ule ule unaopita nyuma ya viwanda na kubadili rangi kufuatana na siku ya juma. Kwa miezi mitano aliishi katika chumba cha mabati Mukuru akiupanga, na akina mama wa pale wakampa kila mmoja sahani yake iliyovunjika. Aliwaahidi kwamba kila mmoja ataiona sahani yake ukutani.

Ukuta ulikuwa wa Haji, mzee mwenye duka la vitambaa na vyumba vya wageni kule Eastleigh. Mwende alikuwa ameulizia kuta katika nusu ya jiji. Wenye kuta wote walitaka picha ya ng'ombe, au ya mteja anayecheka. Haji peke yake alikubali mto, kwa sharti moja: picha iwe imekaa ukutani Jumamosi kabla ya adhana ya adhuhuri. Ikichelewa, ukuta unachukuliwa na mchoraji wa matangazo, ambaye alikuwa na tangazo lake la sabuni tayari. Mwende hakuwa na ukuta mwingine, wala sahani nyingine.

Mukuru kwa Reuben hadi Industrial Area

Gari tuliloahidiwa Ijumaa asubuhi halikutokea. Akatokea Barasa, mwenye mkokoteni, mtu wa Bungoma mwenye mabega kama kabati na sauti nyembamba ya kushangaza. Alitazama mzigo wetu, akauliza kama ni dhahabu. Mwende akamwambia ni mto. Barasa akasema amewahi kubeba vitu vibaya zaidi.

Mzigo ulikuwa mbao tisa, kila moja na kipande chake cha picha. Lazima niwaeleze anavyofanya kazi, la sivyo hamtaelewa yaliyotupata baadaye. Mwende hubandika vipande kifudifudi juu ya karatasi ya mifuko ya saruji, maua ya sahani yakitazama chini, kwa gundi ya unga wa ngano anayoipika kama uji. Ukutani, karatasi hiyo hubandikwa kwenye saruji mbichi pamoja na vipande vyake, yenyewe ikibaki nje. Saruji ikianza kushika, anailowesha karatasi na kuimenya, na picha inatokea imelala sawa kama maji ya beseni. Kwa hiyo anayeutazama mto safarini haoni mto. Anaona migongo ya sahani zilizovunjika na karatasi chafu.

Tulizipanga mbao juu ya mkokoteni, tukazifunika kwa blanketi jeusi. Barasa alivuta polepole sana, kwa sababu kila tuta lingeweza kubandua kipande. Mwende alitembea kando, kitambaa cheusi kichwani, mkono juu ya blanketi. Mimi nilikuwa nyuma, macho chini, nikitafuta mawe.

Kwenye lango la kiwanda cha kwanza walikuwa wamesimama vibarua wakingoja zamu. Wakatuona. Wakavua kofia.

Nilidhani wanasikia joto. Kufika lango la pili, wanne walikuwa wametufuata nyuma, mikono wameikunja mbele. Kwenye lango la tatu walikuwa zaidi ya kumi, na mmoja mwenye sauti nzito iliyotoka moja kwa moja kwenye visigino akaanza wimbo wa kanisani. Wengine wakaitikia. Nawaambia ukweli, wenzangu, ilikuwa sauti ya kupendeza mno, ikipanda kati ya kuta za viwanda na moshi, hata mimi nikaimba kabla sijajiuliza tunaimba nini. Mwende alinitazama akitaka nifanye jambo. Barasa yeye alifurahi, maana malori yote yalikuwa yakitupisha.

Kwenye mzunguko wa barabara polisi akainua mkono. Mnajua siku hizi watu watano wakisimama pamoja tayari ni mkutano. Sisi tulikuwa kama ishirini.

"Kiongozi wa maandamano ni nani?"

"Afande, haya si maandamano," akasema yule wa sauti nzito. "Tunasindikiza maiti."

"Maiti ya nani?"

Waombolezaji wote wakamgeukia Mwende.

"Hakuna aliyekufa," akasema Mwende, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Polisi akainua ncha ya blanketi. Akainama. Akainua tena zaidi.

"Hizi ni sahani."

"Ndiyo, afande."

"Mnazika sahani?"

Yule wa sauti nzito alisogea akachungulia, akabaki mdomo wazi. "Dada yangu," akasema, "nimeimba beti tatu. Nimemlilia hadi mjomba wangu aliyekufa mwaka juzi. Kumbe ni vyombo?"

Kicheko kilichofuata kilimwangusha mtu mmoja ukingoni mwa mtaro. Polisi akatuamuru tutawanyike, lakini alikuwa akijifuta macho. Waombolezaji wetu wakarudi zamuni, wakitupa makiwa.

Jogoo Road

Makadara tulifika na njaa. Tulikula chapati na madondo kwenye kibanda cha mama mmoja aliyetaka kujua kwanza ni nani kati yetu aliyefiwa, kwa sababu habari ilikuwa imetutangulia. Barasa alikula chapati nne akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye mkokoteni, kama mtu anayemshika ng'ombe.

Hapo ndipo nilipomuuliza Mwende swali mnalopenda kuniuliza mimi: kwa nini mateso yote haya kwa kitu ambacho mvua na moshi vitakimaliza? Hakunijibu kama msanii. Alinisimulia kuhusu Mama Kasyoka, jirani yake Mukuru, ambaye kila jioni hukwenda kuutazama mto ni wa rangi gani kabla ya kuanua nguo. Ukiwa mwekundu, akasema, wanaopita Jogoo Road hawajui. Anataka siku moja wajue.

Tulipofika Hamza gurudumu la kushoto lilipasuka kwa mlio uliomfanya kondakta mmoja alale chini. Barasa akalitazama, akatazama mawingu upande wa Embakasi, akasema hatufiki Eastleigh leo. Mwende alihesabu saa kwa vidole. Ilikuwa saa tisa alasiri. Zimebaki saa ishirini na moja.

Nikakumbuka kwamba nina shangazi Buruburu.

Buruburu, kwa Shangazi

Shangazi Rasoa, dada ya baba yangu, ni mjane wa karani wa reli. Anaishi Phase Two katika nyumba safi kiasi kwamba ukipiga chafya unajisikia mkosaji. Tulimfikia mvua ikianza, tukisukuma mkokoteni uliochechemea kama mbuzi. Hakuuliza kitu. Alifungua mlango, akamwita Barasa "mwanangu" kwa Kibukusu, na Barasa, na mabega yake yote yale, akajibu "mayi", yaani mama, na kuvua viatu.

Mbao nane tulizipanga sebuleni, tukaziegemeza kwenye makochi. Ya tano, ile ya katikati, Mwende alikuwa ameimaliza usiku wa kuamkia siku hiyo na gundi yake ilikuwa mbichi bado, basi akaiweka jikoni karibu na jiko la makaa ipate joto. Kisha akakaa kwenye kochi "kidogo tu", na usingizi wa miezi mitano ukamchukua mdomo wazi. Mimi na Barasa tukabeba gurudumu tukaenda kutafuta fundi.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu Shangazi. Chombo cha mtu kikiingia kwake, hakiondoki kichafu. Wala hakiondoki kitupu. Ukimletea mboga kwenye bakuli, bakuli litarudi limeng'aa na mayai mawili ndani. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyotulea.

Tuliporudi nilimkuta jikoni na jirani yake, mikono ya nguo wameipandisha, wamechangamka. Juu ya kanga safi mezani palikuwa na vipande vya sahani vimepangwa kukauka, maua mekundu, maua ya bluu, kingo za dhahabu, vikimetameta. Kwenye ndoo ya taka palikuwa na karatasi ya saruji, imelainika kama ugali uliomwagikiwa maji.

"Wafula, kuja uone," akasema Shangazi. "Nimekuta vyombo vya mgeni vimegandamana na uchafu. Nikasema, hata kama vimevunjika, haviondoki kwangu namna hii."

Niliitazama ndoo, nikaitazama meza.

Mwende alikuwa amesimama mlangoni, alama ya kochi shavuni.

"Shangazi, umeviosha vyote?"

"Huo ubao mmoja tu, mama. Hizo nyingine nitazimaliza tukishakula."

Barasa alitoka nje. Tulimsikia akicheka mvuani, halafu akikohoa ili ionekane hakuwa akicheka.

Haikuwa jambo la kuchekesha. Ubao wa tano ndio uliobeba sahani za akina mama wa Mukuru. Mchoro wa mahali pa kila kipande ulikuwa kwenye karatasi ile ile, na karatasi ilikuwa ndooni. Kubandika upya na kukausha kungechukua siku mbili, na sisi tulikuwa na asubuhi moja. Mwende alikaa juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa, akavitazama vipande. Nilipomweleza Shangazi, polepole, alichokifanya, uso wake ulishuka kama pazia. Hakulia wala hakujitetea. Alifuta mikono.

"Na mimi nilikuwa nimekwisha kuongeza," akasema. Kumbe kando ya vipande alikuwa ameweka kikombe cha marehemu mumewe, cha behewa la chakula la reli, kilichovunjika mkono zamani na ambacho hakuwahi kuwa na moyo wa kukitupa. Kikombe na mkono wake. Ndiyo mayai yake mawili.

Mwende aliuchukua ule mkono wa kikombe, akaugeuzageuza. Kisha akauliza kama kuna chakula.

Kulikuwa na ugali, kuku na mrenda. Tulikula, na Mwende aliongezwa mara tatu bila kuulizwa. Alipomaliza alisema atakwenda na mbao nane na kuvibandika vipande vya tano kimoja kimoja moja kwa moja ukutani, jambo ambalo hajawahi kulifanya na halipendi, kwa sababu sahani hazilingani unene na uso wa picha utakuwa na matuta.

"Basi nami ninakuja," akasema Shangazi.

Buruburu hadi Eastleigh

Tulitoka kulipopambazuka. Gurudumu lilikuwa zima, anga imeoshwa, na kila dimbwi la Buruburu lilikuwa na kipande chake cha mawingu. Shangazi alivaa gauni la kanisani na kubeba beseni la vipande kichwani. Barasa alimsihi aliweke kwenye mkokoteni. Akakataa. Alikuwa amevibandua vipande yeye, akasema, na atavifikisha yeye.

Ukitembea na Shangazi huwezi kufika haraka, kwa sababu anasalimia. Alisalimia walinzi, wauza magazeti, na vijana watatu wa mtaa wa Uhuru waliokaa juu ya ukuta. Mmoja wao akamwambia, "Mathe, hiyo karai imebeba nini?" na yeye akajibu, "Dhambi yangu, mwanangu," wakashuka ukutani na kutusukumia mkokoteni mlima mzima.

Eastleigh ilitupokea kwa tope. First Avenue ilikuwa imeziba kutoka ukuta hadi ukuta: magari, marobota ya nguo, mikokoteni mingine ishirini, na katikati lori lililokuwa likishusha mazulia na halikuwa na nia ya kumaliza. Barasa aliita "Kando! Kando!" kwa sauti yake nyembamba, na hakuna aliyekwenda kando, kwa kuwa hakukuwa na kando. Ilikuwa saa mbili na nusu. Mwende alianza kufungua kamba. Alisema atabeba mbao moja moja.

Wapagazi wa lile lori walimtazama akihangaika na ubao wa kwanza, wakauliza ni nini. Shangazi akawaeleza yote, kuanzia gundi ya ngano hadi kosa lake, bila kujipunguzia kitu. Walicheka, kisha wakajipanga. Nikaona mbao nane za mto zikipita juu ya vichwa vya Eastleigh, mkono hadi mkono, juu ya mazulia, juu ya bodi ya lori, hadi upande wa pili. Mkokoteni mtupu Barasa aliusimamisha wima akapita nao kama mtu anayecheza dansi na mke wake.

Ukutani

Mchoraji wa matangazo alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amekaa kwenye ngazi yake, kopo la rangi ya bluu miguuni, akinywa chai ya tangawizi. Alitusalimu vizuri. Alisema hana haraka, anangoja saa sita tu.

Mwende alifanya kazi kama mtu anayezima moto. Mimi nilichanganya saruji, Barasa akashikilia mbao, Shangazi akamkabidhi mwiko kabla hajauomba. Saa nne na nusu karatasi nane zilikuwa ukutani, na katikati pengo, kama jino lililong'olewa.

Hapo wakafika akina mama wa Mukuru, saba, kwa miguu, wamevaa vizuri. Walikuja kuona sahani zao. Mwende akasimama mbele yao na tope hadi viwikoni, akawaambia kilichotokea, na Shangazi akatua beseni chini mbele yao na kufunua kitambaa.

Mama Kasyoka, mfupi, mwenye macho yasiyopepesa, aliinama akaokota kipande chenye waridi la bluu.

"Hii yangu. Ilivunjika siku maji yalipoingia."

Mwende aliitazama ngazi ya mchoraji. Alipaka saruji mbichi kwenye pengo, akawaambia kila mmoja achukue chake na kukibandika mwenyewe, akawaonyesha kwa kidole mkondo wa maji unapopita.

"Hapana," akasema Mama Kasyoka.

"Hapana nini, mama?"

"Wewe unatuwekea mto unaopita. Kwetu haupiti. Unaingia ndani." Akabandika waridi lake juu, likasimama wima. Mwingine akaelewa, akaweka kipande chini yake, na mwingine. Walikuwa wakijenga mlango katikati ya mto.

Mwende alianza kusema kwamba mistari haitaungana, kwamba mto wote umepangwa uteremke, kwamba miezi mitano. Nilimwona akiinua mkono ili aliondoe waridi lile. Ulibaki hewani. Kisha akampa Mama Kasyoka mwiko, akashuka, akaanza kulowesha karatasi za pembeni. Mchoraji wa matangazo alimaliza chai yake, akachukua brashi yake pana akaichovya kwenye ndoo ya maji, akamsaidia. Alisema mkono unaganda ukikaa bure.

Shangazi ndiye wa mwisho. Aliuliza kama mtu ambaye si wa Mukuru anaruhusiwa. Akina mama wakasogea. Akauchomeka mkono wa kikombe cha reli kwenye ule mlango, mahali pa kitasa, akarudi nyuma akiwa ameshika kinywa.

Karatasi zikamenyeka. Upande wa juu mto ulitokea kijani cha chupa, ukateremka ukawa kahawia, zambarau, mwekundu wa nguo, mweusi wa mafuta, laini kama ngozi ya samaki. Na katikati, ukiwa na matuta na maua, mlango, na maji yakiusukuma kutoka pande zote.

Haji alitoka dukani saa sita kasoro, kofia nyeupe, fimbo mkononi. Hakumsalimu mtu. Alipitisha kiganja juu ya maji laini, kutoka kushoto kwenda kulia, akafika katikati kiganja kikakwama.

"Huu mlango wa nani?"

"Wangu," akasema Mama Kasyoka.

Haji alimtazama, akautazama mlango tena. Kipande kimoja cha ukingo wa dhahabu kilikuwa kimeanza kuteleza. Adhana ilianza kwenye spika za msikiti. Mchoraji akashika ngazi yake, akingoja. Haji akaweka fimbo chini, akakishindilia kile kipande kwa dole gumba, akakishikilia hapo mpaka kikashika.